Abiria Wawili, Kipimo Kimoja

Tarehe 19 Septemba 2014, Thomas Eric Duncan alifika katika uwanja wa ndege wa Roberts, nje ya Monrovia, akiwa safarini kwenda Marekani kumwona mchumba wake na mwanawe. Wakati huo Liberia ilikuwa imeelemewa na Ebola. Hospitali zilijaa hadi wagonjwa wakawa wanarudishwa kutoka mlangoni, na kila aliyetaka kupanda ndege ilibidi apimwe joto kwanza. Duncan alipimwa mara tatu. Kipimo kikasoma nyuzi 36.3, joto la mtu asiye na homa. Akapewa fomu. Penye swali la kama alikuwa amemhudumia mgonjwa wa Ebola katika siku 21 zilizopita, akajibu hapana. Akaruhusiwa kusafiri, akapitia Brussels na Washington, na tarehe 20 akatua Dallas.

Siku nne kabla ya safari hiyo, majirani zake walimwona akisaidia kumbeba msichana mjamzito, binti wa mwenye nyumba alimokuwa amepanga. Walimtia kwenye teksi wakampeleka hospitali, wakaambiwa hakuna nafasi, wakamrudisha nyumbani. Msichana akafa. Mtaani wengi waliamini ni matatizo ya mimba. Baadaye serikali ya Liberia ilisema Duncan alidanganya na kwamba ingemshtaki. Jamaa zake wakasema hakujua kilichomwua yule msichana.

Tarehe 24 Duncan alianza kujisikia vibaya. Usiku wa tarehe 25 akaenda hospitali mjini Dallas, na joto lake likapanda hadi nyuzi 39.4. Alimwambia muuguzi kwamba ametoka Afrika, na maneno hayo yakaandikwa kwenye faili, lakini hayakumfanya aliyekuwa na uamuzi asimame afikiri. Duncan akapewa antibiotiki akarudishwa nyumbani, kwenye nyumba yenye watu. Tarehe 28 alirudi kwa ambulensi, hali ikiwa mbaya sana. Tarehe 30 vipimo vikathibitisha Ebola. Tarehe 8 Oktoba akafariki, na wauguzi wawili waliomhudumia wakawa wameambukizwa. Wote wawili walipona.

Siku 9 baada ya kifo hicho, tarehe 17 Oktoba, daktari Mmarekani aitwaye Craig Spencer alitua New York akitoka Guinea, alikokuwa akiwatibu wagonjwa wa Ebola chini ya shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Naye alipimwa uwanjani. Naye hakuwa na homa. Akaenda nyumbani kwake, akapanda treni za mjini, jioni moja akaenda kucheza na rafiki zake. Lakini kila siku, asubuhi na jioni, alijipima mwenyewe. Asubuhi ya tarehe 23 kipimo kikasoma nyuzi 37.9. Hakungoja homa ipande. Alipiga simu saa ile ile, akafuatwa na wahudumu waliovaa mavazi ya kinga, akapelekwa katika hospitali ya Bellevue, chumba kikiwa kimeshaandaliwa. Alitoka akiwa mzima tarehe 11 Novemba. Mjini New York kote hakuambukizwa mtu hata mmoja.

Nawaletea visa hivi watu wa Moiben kwa sababu sisi ni watu wa ndege kuliko tunavyojidhania. Ukisimama Moiben utaona mashamba ya ngano na mahindi, ng'ombe, na barabara ya kwenda Eldoret. Ila nyumba haikosi mtu aliyepanda ndege. Wanariadha wetu huenda Ulaya, Japani na Uchina kukimbia, wakarudi baada ya wiki moja. Wazazi wameuza ng'ombe na vipande vya mashamba ili watoto waende kusoma Finland na Kanada. Wauguzi wamechukuliwa Uingereza. Wasichana wetu wako Saudi Arabia na Qatar wakifanya kazi za nyumbani. Na wote hao, tangu mwaka 2020, wameizoea ile hali ya kupanga foleni mbele ya mtu aliyeshika kifaa mfano wa bastola, kikaelekezwa kwenye paji la uso, kikalia, ukaambiwa pita.

Hilo neno "pita" ndilo linalonitia hofu. Mtu akishaambiwa hivyo huhisi amepewa cheti cha afya. Familia iliyomngoja nje huhisi vivyo hivyo. Mtu akiuliza, "Huko alikotoka hakuna ugonjwa?" atajibiwa, "Alipimwa uwanjani, yuko sawa."

Hebu tuangalie kile kifaa kinafanya nini. Hakiingii mwilini. Kinasoma joto linalotoka kwenye ngozi, kisha kinakadiria joto la ndani. Asubuhi ya Julai huku kwetu, mtu akishuka kwenye gari baada ya upepo kumpiga usoni, ngozi ya paji lake huwa baridi hata kama ndani anachemka. Mwanariadha aliyetoka mazoezini sasa hivi ngozi yake ni moto hata kama hana ugonjwa wowote. Mpimaji akikishika mbali mno, kinasoma chini. Wakati wa korona tuliona walinzi kwenye milango ya maduka wakiwasomea watu nyuzi 33 na 34, na foleni ikaendelea. Mtu mwenye nyuzi 33 za kweli ndani ya mwili hatembei akiingia dukani kununua unga. Kipimo kilikuwa kimekosea waziwazi, na bado tulikipokea kwa kuwa hakikutuzuia kuingia.

Lakini hata kingekuwa kifaa bora duniani, mikononi mwa mpimaji hodari, kasoro kubwa zaidi ingebaki palepale. Joto ni habari ya sasa. Ebola hukaa mwilini kati ya siku 2 na 21 kabla ya dalili kuonekana. Korona, kati ya siku 2 na 14. Ndege kutoka upande wowote wa dunia hadi Nairobi haichukui hata siku mbili. Mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kuruka, kutua, kupimwa, kupanda ndege ndogo hadi Eldoret, kufika Moiben, kulala kwake usiku kadhaa, na mwili wake usitoe homa hata kidogo. Kipimo cha Duncan kule Monrovia hakikukosea. Siku ile hakuwa na homa, na kwa kuwa mgonjwa wa Ebola haambukizi kabla ya dalili, waliosafiri naye ndegeni hawakupata lolote. Kosa lilikuwa kukipa kipimo cha siku moja kazi ya siku 21.

Wakulima wa Moiben wanalifahamu jambo hili kutoka kwenye ghala la Bodi ya Nafaka. Unapeleka mahindi, karani anachoma gunia kwa bambo, anapima unyevu. Ukiwa chini ya 13.5 kwa mia, mzigo unapokewa. Kipimo hicho ni cha kweli, nacho kina maana. Ila kinapima maji. Kama mahindi yalinyeshewa shambani yakaingia sumukuvu, kisha ukayaanika vizuri yakakauka, kipimo cha unyevu kitasema yamekauka, na yamekauka kweli, huku sumu ikiwa ndani ya punje. Anayetaka kujua habari ya sumukuvu lazima afanye kipimo kingine, na kabla ya hapo amuulize mkulima: mahindi haya yalipitia nini?

Swali hilo la mwisho ndilo ambalo Shirika la Afya Duniani lililiweka mbele lilipotoa mapendekezo yake kuhusu Ebola tarehe 8 Agosti 2014. Nchi zenye ugonjwa zilitakiwa ziwakague wote wanaoondoka, na ukaguzi huo, kwa uchache, uwe na maswali, upimaji wa joto, na uchunguzi wa kina kwa mwenye homa. Maswali na joto vilikuwa pamoja tangu mwanzo. Sisi, na nchi nyingi nyingine, tulichukua kile kinacholia na kuwaka taa, tukayaacha maswali yawe karatasi ya kujazwa haraka kwenye goti.

Matokeo ya kupima joto pekee yanajulikana, na inafaa yatajwe. Mwaka 2003, SARS iliingia Toronto kwa msafiri aliyetoka Hong Kong, na watu 44 wakafa Kanada. Nchi hiyo ikaweka ukaguzi viwanjani, zikiwemo kamera za kusoma joto, ikakagua abiria kwa mamilioni. Haikumpata hata mmoja mwenye SARS. Katika miezi miwili ya kwanza ya ukaguzi wa Ebola huko Liberia, Guinea na Sierra Leone mwaka 2014, watu wapatao 36,000 walikaguliwa na 77 wakazuiwa kupanda ndege. Kati ya hao 77 hakuna anayejulikana kuwa alipatikana na Ebola. Wengi walikuwa na malaria. Marekani nayo, kati ya Januari na Septemba 2020, iliwakagua wasafiri 766,044 kwa ajili ya korona. Waliotiliwa shaka walikuwa 298, waliopimwa virusi 35, waliopatikana navyo 9. Nchi hiyo ikaacha utaratibu huo katikati ya Septemba, huku ugonjwa ukiwa umeenea katika majimbo yake yote.

Habari ya malaria haifai kupitwa haraka. Msichana wa Moiben aliyekwenda Kisumu au Busia kwa shughuli za wiki moja anaweza kurudi na malaria, akafika uwanjani na nyuzi 38.5, akazuiwa safari ya kazi aliyoihangaikia mwaka mzima. Wakati huo huo jirani yake kwenye foleni, aliyeambukizwa korona siku tatu zilizopita, anapita bila homa. Yule asiyeweza kumwambukiza mtu ndegeni ndiye anayerudishwa nyumbani. Ndiyo maana mwenye homa anastahili kuchunguzwa na mtu aliyefunzwa, kwa heshima, badala ya kufukuzwa kwenye foleni kama mhalifu.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 26 Februari 2020 ndege ya China Southern ilitua Nairobi na abiria 239. Video ya kutua kwake ikasambaa, Wakenya wakapandwa na hasira. Serikali ikaeleza kwamba abiria wote walikaguliwa, wakaonekana wazima, wakaagizwa wajitenge kwa siku 14. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha ndege kutoka Uchina. Hata wiki haikuisha. Tarehe 5 Machi msichana Mkenya wa miaka 27 akawasili Nairobi kutoka Marekani kupitia London. Aliingia nchini kama wengine. Tarehe 13 Machi Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akasimama mbele ya kamera akatangaza kwamba huyo ndiye mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya.

Kuna mambo mawili katika kisa hicho ambayo wakati ule hatukuyatafakari, maana tulikuwa na pupa ya kujua ni nani na anatoka kabila gani. La kwanza: wakati macho yetu yote yalikuwa kwenye ndege za Uchina, ugonjwa ulikuja kwa njia ya London. La pili: virusi havikugunduliwa mlangoni. Viligunduliwa kwa sababu msichana mwenyewe alienda hospitali akajieleza, akapimwa. Watu walimtukana mitandaoni, na nilisikitika sana kuona hivyo, kwa kuwa alifanya hasa jambo lililotufaa. Aliyejipeleka akitukanwa, wa pili ataogopa kujipeleka.

Mwezi huo wa Machi haukuisha kabla ndege za abiria za kimataifa hazijasimamishwa. Ziliporuhusiwa tena tarehe 1 Agosti 2020, masharti yalikuwa yamebadilika. Joto lisizidi nyuzi 37.5, ndiyo, lakini pia msafiri asiwe na kikohozi wala shida ya kupumua, na awe na cheti cha kipimo cha PCR kilichofanywa ndani ya saa 96. Serikali yenyewe ilikuwa imekiri, kwa masharti hayo, kwamba joto pekee halitoshi. Na kwa korona sababu ni nzito kuliko kwa Ebola, kwa sababu mwenye korona huweza kuambukiza hata kabla ya kuhisi chochote, na wengine hawahisi chochote hadi mwisho. Watafiti wa London walikadiria mapema mwaka 2020 kwamba hata ukiwapima abiria wanapoondoka na ukawapima tena wanapofika, kati ya kila walioambukizwa 100, wapatao 46 watapita.

Je, kile kifaa kitupwe? Sisemi hivyo, na kisa cha karibu na kwetu kinanizuia kusema hivyo. Januari 1980, Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia aliugua baada ya kulitembelea pango la Kitum, mlimani Elgon. Ulikuwa ugonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola. Alisafirishwa kwa ndege hadi Nairobi akiwa tayari anaungua kwa homa na kutapika, akafia hospitalini huko, na daktari aliyepigania maisha yake, Shem Musoke, akaambukizwa. Kwa bahati njema alipona. Mtu kama huyo angesimamishwa na kipimajoto chochote, hata cha bei rahisi. Mgonjwa ambaye homa imeshaanza hapaswi kukaa kwenye kiti katikati ya watu kwa saa kadhaa, na kipimo cha mlangoni kinaweza kumwokoa yeye na walio karibu naye. Pia, watu wakijua watapimwa, baadhi ya wanaojisikia vibaya huahirisha safari. Hiyo ni faida, ingawa haiandikwi kwenye takwimu.

Ila mwenye homa naye ana njia za kupita. Desemba 2014 muuguzi Mskoti, Pauline Cafferkey, alitua Heathrow akitoka kuwahudumia wagonjwa wa Ebola Sierra Leone. Jopo la wauguzi lililochunguza jambo hilo baadaye lilielezwa kwamba joto lake lilikuwa 38.2, na likaandikwa 37.2. Alikuwa amemeza paracetamol. Alipimwa tena na tena uwanjani, kipimo kikaonyesha hali ya kawaida, akaruhusiwa kuendelea hadi Glasgow. Siku iliyofuata akapatikana na Ebola. Jopo halikumtia hatiani, likasema ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kuvuruga uamuzi wake. Huyo alikuwa muuguzi, tena jasiri aliyejitolea, na kila aliyekuwa naye kwenye ukaguzi alizijua dalili za Ebola kuliko mimi na wewe. Na hata hivyo uchovu, hamu ya kufika nyumbani na kidonge kimoja vilitosha.

Kidonge hicho kipo kwenye kila duka la Moiben. Najua wanaokimeza kabla ya kwenda uwanjani "ili mashine isisumbue." Wengi wana mafua tu. Hawana nia mbaya, wana tiketi iliyolipiwa kwa jasho la ukoo mzima. Ndugu yangu, ukimeza dawa ya kushusha homa saa chache kabla ya kupimwa, umekizima kipimo. Ugonjwa haujakwenda popote. Mficha maradhi kilio humfichua, na katika maradhi haya kilio hakiwi cha nyumba moja.

Tazama jinsi Nigeria ilivyoponea chupuchupu. Tarehe 20 Julai 2014 Patrick Sawyer alitua Lagos kutoka Monrovia kupitia Lomé, akiwa mgonjwa kiasi cha kuanguka uwanjani. Alisema hajakutana na mtu mwenye Ebola, ilhali dadake alikuwa amefariki mwezi huo huo. Madaktari wa hospitali za umma walikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo akapelekwa hospitali ya kibinafsi, akaanza kutibiwa malaria. Daktari Ameyo Stella Adadevoh hakuridhika. Aliuliza tena, akaagiza kipimo cha Ebola, akakataa kumruhusu atoke licha ya kushinikizwa na maafisa waliotaka ahudhurie mkutano. Sawyer alikufa siku tano baada ya kutua. Dkt. Adadevoh mwenyewe aliambukizwa, akafariki tarehe 19 Agosti. Wagonjwa wote Nigeria walikuwa 20, waliokufa 8, katika nchi yenye jiji la mamilioni ya watu. Tarehe 20 Oktoba nchi hiyo ikatangazwa kuwa haina Ebola.

Kilichozima moto huo kilikuwa daktari mwenye shaka na kazi ngumu iliyomfuata. Watu 894 waliotangamana na wagonjwa walitafutwa, wakaandikwa majina, na wakatembelewa nyumbani kila siku hadi siku 21 ziishe. Ziara hizo zilikuwa zaidi ya 18,000. Vijana walipanda ngazi za magorofa ya Lagos wakibisha milango, wakipima joto, wakiandika. Angalia vizuri: kifaa ni kile kile cha kupima joto, lakini kilikuwa kimehamishwa kutoka langoni hadi nyumbani, na kikapewa siku 21.

Marekani nayo ilifuata njia hiyo baada ya kifo cha Duncan. Kuanzia Oktoba 2014, aliyetoka nchi zenye Ebola alipewa uwanjani mfuko mdogo wenye kipimajoto, maelezo ya dalili, na nambari ya kupiga. Ajipime mara mbili kwa siku, atoe ripoti. Tofauti kati ya Duncan na Spencer, basi, haikuwa tu tabia ya mtu mmoja mmoja. Spencer alikuwa daktari, shirika lake lilikuwa limemwekea utaratibu, alijua ni nani atapokea simu. Duncan alikuwa mgeni aliyetoka Afrika, akaingia hospitali usiku bila bima, na neno lake halikusikilizwa. Nikisema watu waseme ukweli, nasema pia kwamba lazima awepo wa kuusikia.

Hapa kwetu yupo, na bado hatumtumii. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa, kipimajoto kikiwemo. Wanatembea vijijini, wanatujua kwa majina ya baba zetu. Kijana anapotua Eldoret kutoka nchi iliyotangaziwa mlipuko, huyo ndiye mtu wa kwanza anayefaa kuambiwa, kabla ya mchungaji na kabla ya chifu. Awe anapita asubuhi na jioni, au apigiwe simu na kusomewa kipimo, aandike daftarini. Nyuma yake kuna zahanati, nyuma ya zahanati kuna Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na kuna nambari 719 ambayo Wizara ya Afya ilitutangazia wakati wa korona.

Lipo jambo la mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, na nitalisema japo najua linagusa heshima. Mwanariadha wetu akirudi na ushindi hupokewa uwanjani kwa kibuyu. Anakunywa yeye, anakunywa kocha, anakunywa mzee, kibuyu kinapita mdomo kwa mdomo huku akina mama wakiimba. Ni desturi nzuri, na ulimwengu mzima umeiona kwenye picha. Nusu saa kabla ya hapo amepimwa joto na kuambiwa apite. Wakati hakuna mlipuko popote, kibuyu kiendelee. Ukitangazwa mlipuko alikotoka au alikopitia, mursik imiminwe kwenye vikombe, kila mtu na chake, kwa wiki tatu. Wazee wakilitoa agizo hilo wenyewe, vijana watalifuata bila kunung'unika, na hakuna baraka itakayopungua.

Kwa anayesafiri sasa hivi, nakusihi hivi. Ukiwa na homa, usipande ndege, na usimeze kidonge ili upande. Ukiulizwa umetoka wapi na umemgusa nani, jibu kwa ukamilifu, hata kama unadhani aliyekufa alikufa kwa jambo lingine. Mazishi uliyohudhuria, mgonjwa uliyemwosha, yataje. Ukishafika nyumbani, nunua kipimajoto cha kwapani, hakizidi bei ya kuku, ujipime mara mbili kwa siku hadi muda wa ugonjwa unaohofiwa uishe. Joto likipanda, kaa chumbani na upige simu kwanza badala ya kupanda matatu kwenda hospitali. Ukifika hospitali, neno lako la kwanza liwe nchi uliyotoka na tarehe uliyotua, na ukiona aliyekupokea ameandika tu na kuendelea, mrudie, umwambie na wa pili, na wa tatu. Maafisa wa afya wakija kuuliza uliokutana nao, wape majina yote na nambari za simu, hata ya yule wa boda boda aliyekutoa barabarani hadi nyumbani.